Maswali ya Wasomaji: Leza inageuzaje umeme bila betri?

SWALI: Habari zenu, mi nasoma fizikia na kuna kitu kinanichanganya. Wanasema kuna maada za topolojia ukizimulika leza zinatoa umeme bila betri, halafu ukigeuza tu mzunguko wa mwanga, umeme nao unageuka. Mbona sola haijali mwanga umezunguka kushoto au kulia?

JIBU: Sola ina tabaka mbili za silikoni na pale zinapokutana ndo panapozisukuma elektroni upande mmoja, mwanga kazi yake kuziamsha tu. Sasa chukua bismuthi selenaidi, mojawapo ya hizo maada za topolojia: ndani haipitishi umeme, usoni inapitisha, na hakuna mpaka wa namna hiyo. Kwenye uso wake spini (tabia ya elektroni kama vile inajizungusha, nayo ina mwelekeo) na mwendo wa elektroni vimefungwa pamoja: inayokwenda kulia spini yake inaelekea huku, ya kushoto inaelekea kule. Mwanga wa polaraizesheni ya duara, yaani ambao wimbi lake linajizungusha kushoto au kulia likisonga mbele, nao umebeba mzunguko wake, kwahiyo unazinyanyua zaidi elektroni za spini fulani, yaani za upande mmoja, na upande mmoja ukizidi basi umeme unatiririka. Geuza mzunguko wa mwanga, zinazozidi ni zile za upande mwingine, na umeme nao unageuka.

Ila leza lazima uiinamishe! Ukimulika wima kabisa umeme huo unapotea, maana spini zimelala kwenye uso na mzunguko wa mwanga umesimama, havikutani. Na usidanganyike na kila umeme unaouona kwenye mita, kuna mwingine unatokana na joto la leza tu, ndo maana watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani waliochapisha jaribio hili 2012 walikuwa wanazungusha kioo cha kubadilisha polaraizesheni na kuchambua ile sehemu inayogeuka pamoja na mzunguko, hapo ndo utamu wenyewe ulipo.

Kuna pia semimetali za Weyl, yaani maada ambazo elektroni zake zinakwenda kama vile hazina masi, kama tantalamu asenaidi, humo umeme unatoka ndani ya fuwele nzima, si usoni peke yake, mradi fuwele isiwe na ulinganifu wa kugeuza kila kitu kupitia kitovu (yaani ukihamishia kila atomi upande wa pili wa kitovu, fuwele inabaki ileile), la sivyo pande mbili zinafutana. Mwaka 2017 umeme huo ulitumika kutambua elektroni za Weyl ni za mkono wa kushoto au wa kulia, yaani spini yake inaupinga mwendo au inaufuata, kwa leza ya infraredi ya mikromita 10.6.

Kuchajia simu sahau, umeme wenyewe ni mdogo mno. Mi naona faida iko kwenye sensa za infraredi zinazosoma mzunguko wa mwanga moja kwa moja, bila kuwekewa filta mbele.