Gitaa la wazee: anzeni na shingo

Wadogo zangu, mtu akikuita Kamalondo au Katuba, hapa kwetu Lubumbashi, akakwambia, "Iyi njo gitare ya wazee," moyo unadunda. Naelewa. Sisi ni watu wa Katanga, nchi ya Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa aliyepiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, akamrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Mbao za enzi hiyo tunaziheshimu. Lakini kabla ya kuuliza bei, ulizeni shingo.

Shika gitaa kama bunduki, jicho moja kwenye kichwa chenye vigingi, utazame shingo hadi kwenye daraja, kile kipande usoni kinachoshika nyuzi. Kisha bana uzi mnene kwenye fretu, vile vijiti vya chuma vya shingoni, ya kwanza na ya kumi na nne kwa wakati mmoja. Katikati pabaki nafasi ndogo, kama unene wa karatasi ngumu. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imepinda. Ulizeni kama ndani kuna chuma cha kurekebishia, maana magitaa mengi ya zamani hayana.

Halafu mfupa wa darajani, kile kijipande chembamba ambacho nyuzi zinapita juu yake. Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Gitaa likishavutwa na nyuzi miaka mingi, pembe ya shingo inabadilika na nyuzi zinapanda juu. Mtu anausaga mfupa ili zishuke, na mkononi gitaa linakuwa laini kabisa. Mfupa ukiwa umebaki kama ukucha, jua kwamba hakuna tena cha kusaga. Dawa iliyobaki ni kuing'oa shingo na kuipachika upya, na kazi hiyo inaweza kuzidi bei ya gitaa zima. Mimi gitaa la namna hiyo siligusi, hata likilia vizuri.

Chukua karatasi nyembamba, ujaribu kuipenyeza chini ya daraja kwa nyuma. Ikiingia, gundi imeachia. Mara nyingi ni kwa sababu mtu alitia nyuzi za chuma kwenye gitaa lililojengwa kwa nyuzi za nailoni. Seti ya kawaida ya chuma inavuta zaidi ya kilo 70, na uso ule haukutengenezwa kwa mzigo huo. Gonga pia mgongo na uso kwa kifundo cha kidole. Ukisikia kitu kinatetema ndani, ufito fulani unaoshikilia mbao kwa ndani umeachia. Fundi mzuri anaugundisha bila shida, kwa hiyo hilo lisiwatishe.

Mbao nazo zitazameni kwenye ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya juu ikishuka moja kwa moja ukingoni, ni ubao mmoja mzima. Mkiona tabaka, ni mbao zilizogundishwa: hazipasuki kirahisi, ila sauti yake haifunguki sana. Magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini yalibandikwa ndani karatasi ya kuahidi kwamba hayatapasuka, na John Lennon wa Beatles mwenyewe alianzia kwa moja, aina ya Champion, mwaka 1957. Jina hilo lina thamani kwa anayekusanya. Anayetaka kupiga harusini asililipie.

Jambo moja la Lubumbashi lenyewe: angalieni mwezi. Mimi nilinunua langu Januari, katikati ya mvua, mbao zimevimba na zimebana vizuri. Julai, kwenye baridi kavu, mgongo ulifunguka ufa mrefu kama kiganja. Ufa ulikuwepo tangu zamani, unyevu ndio uliouficha. Wakati wa mvua piteni na tochi, mmulike ndani kupitia tundu la sauti, mtafute vipande vya mbao vilivyobandikwa juu ya nyufa.

Mwisho, sauti. Nendeni na nyuzi mpya mfukoni, mwenye gitaa akikubali mzifunge, kwa sababu nyuzi zenye kutu zinaficha uzuri na ubaya pia. Piga kila uzi kwenye kila fretu, polepole, bila wimbo. Linganisha sauti ya kugusa uzi kidogo tu juu ya fretu ya kumi na mbili na ile ya kuubana hapohapo: zikiachana, gitaa litakuchosha kila siku ukilitafutia tuni. Hapo ndipo unaweza kufungua mdomo: "Baba, ni ngapi?"