Airisi za Siberia: ukishazipanda, ziache zitulie

Pande langu la kwanza la airisi za Siberia, maua ya bustani, lilikufa, na nililiua mimi. Ndiyo kwanza nilikuwa nimehamia Minnesota, Marekani. Mama mmoja jirani alikuwa akipunguza bustani yake, akanipa fungu zito, mizizi imesongamana kama ya mgomba. Nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaliacha gereji, nikisema nitapanda Jumamosi. Zikapita Jumamosi mbili. Nilipolifukia lilikuwa limekauka, halikuchipua tena. Basi ukipewa airisi hizi leo na huna nafasi ya kupanda, chovya mizizi kwenye ndoo ya maji, na kesho yake uipande.

Mara ya pili nilikosea kina. Nilifuata maelezo ya airisi zenye ndevu, zile ambazo shina lake nono hulala juu ya udongo likiota jua. Ya Siberia ni jamaa yake, lakini tabia ni nyingine. Shina lake la ardhini ni jembamba, limelala kama tangawizi, nalo hutaka kufunikwa kwa sentimita 3 hadi 5 za udongo. Yangu yalikuwa juu juu. Udongo ulipoganda, ukayeyuka, ukaganda tena, uliyasukuma nje, na theluji ilipoisha nikayakuta yamelala wazi.

Kuhusu jua sina mjadala: saa 6 kwa siku au zaidi. Nina mapande mawili ya aina iitwayo Caesar's Brother, ile zambarau iliyokolea iliyozalishwa na F. Cleveland Morgan wa Kanada. Lililo upande wa kusini hujaa maua kila Juni. Lingine liko kwenye kivuli cha mti. Majani yake ni mazuri, maua ni ya kuhesabu.

Sisi tuliokulia shambani tumezoea kumwaga jivu bustanini. Hapa zuia mkono. Airisi hizi hupenda udongo wenye tindikali kidogo, na jivu huiondoa. Zipe mboji au samadi iliyooza vizuri, utandaze na majani makavu kuhifadhi unyevu. Mwaka wa kwanza mwagilia kila wiki mvua isiponyesha, maji yafike chini kabisa. Zikishashika, huvumilia.

Halafu subiri. Mwaka wa kwanza utaona majani tu, wa pili huenda ukapata maua mawili matatu, wa tatu ndio utaelewa kwa nini ulisumbuka. Nimewaona watu wakizing'oa mwaka wa pili na kuzihamisha, wakidhani mahali hapafai. Kila ukizihamisha unaanza kuhesabu upya.

Wakati wa kuzigusa utauona kwa macho: katikati ya pande panakuwa patupu na machipukizi yanabaki pembeni kama pete. Hilo huchukua miaka mingi. Kugawa ni kazi ya nguvu. Chepe hukwama, mimi hutumia msumeno. Acha kila fungu liwe na machipukizi kadhaa; ukikata vipande vidogo mno utasubiri maua muda mrefu zaidi. Hapa kwetu mimi hugawa mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, mizizi ishike kabla ardhi haijaganda.

Baridi ikishayachoma majani, yakate karibu na ardhi na uyaondoe kabisa bustanini. Kuna nondo ambaye hutaga mayai kwenye majani makavu, na viwavi wake hutoboa shina la ardhini mwaka unaofuata.

Dada yangu wa Tanga ameziona kwenye picha akaniomba kipande. Nimemkatalia kwa upendo. Mmea huu huhitaji majira ya baridi ya kweli ili ulale, na joto la Pwani halitaupa usingizi huo.

Septemba hii lile pande lililo kusini ni zamu yake kugawanywa. Mafungu mawili yameshapata wenyewe, na nimewaambia waje na ndoo.