Zuhura, wahesabu waliotoka

Mwanangu Zuhura,

Simu yako ilikatika kabla sijakujibu, na wajukuu walikuwa wanagombana nikashindwa kusikia. Uliniuliza hivi: wale waliofunika nyuso, waliopita mtaa wa Short North na bendera za swastika za Kinazi Novemba 2024, wakirudi tena hapo kwenu Columbus, Ohio, utoke ukawakabili, au ujifungie ndani na watoto?

Walikuwa kama kumi na wawili tu, ulisema. Siku zote nakwambia: usiwahesabu wao, wahesabu waliotoka kuwapinga.

Lewiston, kule Maine, Januari 11, 2003, wewe huenda unakumbuka baridi tu. Oktoba iliyotangulia, meya aliwaandikia wazee wa Kisomali barua, kwamba mji umeelemewa, wawaambie wenzao wapunguze kuja. Sisi ndio kwanza tumetoka Georgia, hata mabegi hatujayafungua. Wahubiri wa ubaguzi wakaona hapo pana nafasi, wakatangaza mkutano. Mkuu wao alikamatwa Chicago siku tatu kabla, lakini wafuasi wakaja vivyo hivyo. Hata arobaini hawakutimia. Siku hiyohiyo, hapo hapo mjini, chuoni Bates watu walifika maelfu kuwapinga; ukumbi ukajaa, wengine tukabaki nje kwenye theluji.

Hapo nje ndipo yule bibi wa Kifaransa, ambaye wazee wake walitoka Quebec kuja kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo, alipovua glavu zake akakuvisha wewe. Zilikufika karibu na viwiko! Akasema miaka ya 1920 Ku Klux Klan, lile kundi la wabaguzi wa kizungu, waliwaandama watu wake humu humu Maine, kwa Ukatoliki wao na Kifaransa chao. Hata leo nikimkumbuka najikuta natabasamu jikoni peke yangu.

Lakini jirani wa chini, aliyekula sambusa zangu Ramadhani nzima, pazia lake lilifungwa siku hiyo kutwa. Baadaye tulikutana ngazini akaniuliza kama kwetu maji ya moto yanatoka. Habari za mkutano, kimya. Huyo ndiye anayeniuma mpaka leo, si wale thelathini na kitu. Marehemu baba yako alisema labda aliogopa. Labda. Mtu mzee, anaishi peke yake, kuogopa si kosa. Lakini sambusa hakuziogopa!

Kwa hiyo wahesabu waliotoka, mwanangu, na kabla ya hapo kagonge milango ya hao jirani zako uwaulize siku hiyo watakuwa wapi. Usingoje kubahatisha kwa kutazama mapazia.

Ama kutoka kwako, hilo sikuamulii. Una mume, una watoto, na uliniambia wale waliwapulizia watu pilipili machoni. Mimi ningetoka. Haya, sijasema kitu. Ila ukitoka, watoto wapeleke kwa wifi yako kwanza, na uvae viatu vya kukimbilia.

Mama yako