Kware mweupe, kware wa dhahabu na jeni isiyostahili kuitwa dhaifu

Swali: Ninafuga kware na ninaandaa mwongozo mfupi kuhusu urithi wa rangi za manyoya. Mwenzangu alinisahihisha nilipoandika "kware nyeupe", lakini "rangi nyeupe" aliiacha ilivyo. Je, "kware wa dhahabu" ni sahihi? Na jeni inayofunikwa na nyingine, niiite "jeni dhaifu"? Kifaranga aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, nimwite "chotara"?

Jibu: Mwenzako alikusahihisha vyema. Neno kware halibadiliki katika umoja na wingi, na umbo hilo ndilo linalowashawishi wengi kulipatanisha kama rangi au nyumba. Hata hivyo, kware ni kiumbe mwenye uhai, kwa hiyo hufuata upatanisho wa A-WA: kware mweupe, kware hawa weupe. Sentensi moja inaweza kubeba maumbo yote matatu bila kosa: "Kware huyu mweupe ana manyoya meupe, na rangi yake nyeupe imetoka kwa wazazi wote wawili."

Vivumishi vya rangi vinavyopokea viambishi hivyo ni -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tumeziazima kutoka kwenye majina ya vitu, kama manjano, kijivu na kijani, nazo huunganishwa kwa -a: kware wa manjano, manyoya ya kijivu. Tatizo la "kware wa dhahabu" si la sarufi bali la maana, kwa kuwa dhahabu bado ni madini kwanza na rangi baadaye, na msomaji aweza kudhani unazungumzia sanamu. Andika "kware wa rangi ya dhahabu". Vilevile, usimwite mweusi kila kware mwenye giza manyoyani. Wengi wao ni wa kahawia iliyokolea, na vitenzi kukolea na kupauka vitakufaa sana katika mwongozo wa aina hii.

Sasa nije kwenye "jeni dhaifu", ambalo ningependa uliache kabisa. Kwa jeni nyingi za rangi, kware hurithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Nakala isiyoonekana manyoyani haijadhoofika wala haijapungua. Imefunikwa tu, na hupita kutoka kizazi kimoja hadi kingine ikiwa kamili. Baadhi ya aina za weupe katika kware wa Kijapani hurithiwa hivyo: wazazi wawili wa kahawia, kila mmoja akiwa na nakala moja iliyojificha, huweza kupata kifaranga mweupe. Msomaji aliyefundishwa neno "dhaifu" atadhani weupe huo umezuka bila asili. Kiswahili tayari kina "maana fiche" na "chama tawala", basi jeni fiche kwa inayofunikwa na jeni tawala kwa inayofunika zitaeleweka mara moja.

Hata hivyo, "tawala" nalo lina mtego wake, kwa sababu wapo wanaolisoma kama "iliyoenea" au "iliyo bora". Jeni ya manjano katika kware wa Kijapani ni mfano mzuri wa kuwaondolea dhana hiyo. Nakala yake moja yatosha kumpa ndege rangi ya manjano, kwa hiyo kuhusu rangi ni tawala; lakini kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika ndani ya yai, kinachorithi nakala mbili hufa kabla ya kuanguliwa. Ukiwapandanisha wawili wa manjano, kila kiinitete kina uwezekano wa moja kwa nne wa kupatwa na hayo. Zingatia neno uwezekano. Ukiandika "yai moja katika kila manne litaharibika", umetoa ahadi ambayo mayai manne yaliyo mbele ya mfugaji hayawezi kuitimiza. Ipo pia jeni ya kahawia iliyokolea ambayo nakala moja hukoza rangi kiasi na nakala mbili huikoza zaidi. Hiyo ningeieleza kwa "utawala nusu".

Kuhusu chotara, neno hilo lina kazi yake: humtaja aliyezaliwa na wazazi wa asili au mbegu mbili tofauti. Kifaranga wako anaweza kuwa wa mbegu moja tupu na bado akawa na nakala mbili zisizofanana za jeni ya rangi. Mwite mbebaji wa jeni fiche, au useme "ana jozi isiyolingana".

Neno mbebaji lina mpaka mmoja unaopaswa kuutaja waziwazi. Zipo rangi za kahawia iliyopauka ambazo jeni zake fiche zimo kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni ndani ya seli) ya jinsia iitwayo Z. Dume ana Z mbili, jike ana Z moja na W moja, na W haina nakala ya kuifunika ile iliyo kwenye Z. Kwa hiyo jike akiirithi jeni hiyo, rangi yake itaonekana; hana pa kuificha. Katika sura ya rangi hizo, andika "dume mbebaji" bila wasiwasi, lakini "jike mbebaji" ulifute, uandike "jike mwenye rangi hiyo".