Maswali ya Wasomaji: Mfarishi wa Khanga za Mama

Barua nyingi za safari hii zimehusu mfarishi, lile tandiko la matabaka matatu ambalo uso wake ni vipande vilivyoungwa, katikati yake kuna kijazo na chini yake kuna bitana, na yote matatu hushikamanishwa kwa mishono inayopenya toka juu hadi chini. Nimechagua barua tatu.

SWALI: Shikamoo mama. Mama yetu alifariki mwaka jana akaacha sanduku la khanga. Baada ya arobaini tuligawana vyombo na nguo nyingine, lakini khanga tulishindwa hata kuzigusa. Tuko mabinti wanne, nami nimependekeza tukutane nyumbani kwa marehemu tuzishone ziwe mfarishi wa kitanda cha tano kwa sita. Wadogo zangu wamekubali, ila mama mkubwa anasema kukata khanga ya marehemu ni kumvunjia heshima, hasa yale maneno yaliyoandikwa. Isitoshe, wawili kati yetu hawajawahi kushika sindano. Tufanyeje? — Binti wa kwanza, Temeke.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Nianze na mama mkubwa, kwa sababu yeye amefiwa na mdogo wake kama ninyi mlivyofiwa na mama, na hofu yake inastahili kusikilizwa kabla ya mkasi kutolewa mfukoni. Msimwendee kumwambia mmeamua. Mbebeeni sanduku lenyewe, mlifungue mbele yake, mumwombe achague khanga ambazo hazitakatwa kabisa. Mnajua kuwa khanga huuzwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana. Basi kila mtakapokuta doti kamili, kateni kipande kimoja na mwenzake mmrudishe sandukuni akiwa mzima. Kuhusu maneno, ushauri wangu ni kwamba jina la khanga lisipasuliwe. Likateni kama utepe mzima kabla ya kugusa mji, yaani sehemu ya katikati, na pindo, kisha mlishone upande wa kichwani, ili anayetandika kitanda aweze kulisoma sawasawa. Khanga iliyoandikwa «Nani kama mama» ikikatwa katikati ya neno huumiza macho, na hapo mama mkubwa ana haki yake.

Halafu mwombeni awepo siku ya kwanza, si kama msimamizi bali kama mwenye habari. Yeye ndiye atakayewaambia khanga hii mama yenu alipewa alipojifungua nani, ile alinunua kwa ajili ya harusi ipi, na ile iliyochakaa pindo alibebea mtoto yupi mgongoni. Mimi na wifi zangu tuliposhona khanga za mama mkwe, kwenye kibaraza cha nyumba yetu Magomeni, tulijifunza mambo ya ujana wake ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza alipokuwa hai. Yalitoka yenyewe, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa yameinama. Watu walioketi wakitazamana hushindwa kusema mengi ambayo watu walioinamia kitambaa kimoja huyasema bila kujua kwamba wanayasema. Ndiyo maana ninakusihi usiipeleke kazi hii kwa fundi. Fundi mzuri wa Kariakoo ataimaliza kwa siku chache, na mshono wake utakuwa umenyooka kuliko wenu, lakini mtakuwa mmenunua tandiko na kupoteza vikao vyote hivyo.

Wala hamtakuwa wa kwanza kufanya hivi. Huko Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi katika jimbo la Alabama, mama mmoja aliyeitwa Missouri Pettway alifiwa na mumewe, na mwaka 1942 alizichukua nguo alizokuwa akivaa marehemu shambani, akazipasua, akazishona mfarishi ili amkumbuke na ajifunike kwa upendo, binti yake akimsaidia. Suruali zile zilikuwa zimepauka kwa jua na kuchakaa magotini, naye hakuuficha uchakavu huo. Mfarishi ule leo umehifadhiwa katika jumba la taifa la sanaa mjini Washington. Nadhani mama mkubwa angependa kusikia habari hiyo, kwa kuwa inaonyesha kwamba kuikata nguo ya mpendwa kwaweza kuwa njia ya kuitunza.

Sasa kazi yenyewe. Kitanda cha tano kwa sita ni kama sentimita 150 kwa 180. Chongeni kiolezo cha kadibodi cha mraba wenye sentimita 17 kila upande. Mkiacha sentimita moja ya mshono kila ukingo, mraba ulioungwa utabaki sentimita 15. Kwa hiyo mnahitaji safu 12 zenye miraba 10 kila moja, yaani miraba 120, na kwa kuwa mko wanne kila mmoja ana safu tatu za kwake. Mkitaka uning'inie pembeni mwa kitanda, zungusheni mapindo ya khanga yaliyobaki. Wale wawili wasiojua kushona waanze kwa kuchora kwa chaki, kukata na kupiga pasi, kazi ambazo wengi huzidharau ilhali ndizo zinazoamua kama pembe zitakutana. Baada ya miraba kumi hivi wataomba sindano wenyewe.

Kabla ya yote, fueni kila khanga peke yake. Nalisema hili kwa uchungu, maana nilipokuwa na haraka niliiunga khanga nyekundu na nyeupe bila kuzijaribu, na tulipoufua mfarishi kwa mara ya kwanza weupe wote uligeuka waridi. Msitegemee chumvi wala siki kuishika rangi inayochuja. Suuzeni tena na tena mpaka maji yatoke meupe, na khanga isiyokoma kuchuja mwiache nje. Chunguzeni pia kama ni pamba: choma uzi mmoja, na ukiacha jivu jepesi lenye harufu ya karatasi iliyoungua ni pamba, lakini ukiyeyuka na kuganda kama shanga ngumu una nailoni au polista ndani yake, na pasi ya moto itauharibu.

Kwa joto la Dar es Salaam msiweke faiba ya mito katikati. Shuka kuukuu ya pamba inatosha kabisa, labda kama mfarishi utapelekwa kwa ndugu wa Lushoto au Njombe, ambako blanketi jepesi lina maana. Kwa bitana chukueni marekani, kitambaa kile kile ambacho jina lake limebaki tangu karne ya 19, meli za Marekani zilipokuwa zikikileta Zanzibar. Tandazeni matabaka matatu sakafuni, myapige bandi kwa mishono mirefu kuanzia katikati kuelekea pembeni ili yasijikunje, kisha mkae wanne, kila mmoja upande wake, mshone. Bandi itafumuliwa mwisho.

SWALI: Mama, hongera kwa kazi. Tuko wanawake saba wa mtaa mmoja hapa Tabata, tunakutana kila Jumamosi alasiri kushona mifarishi kwa mabaki ya vitenge tunayoomba kwa mafundi. Mwenzetu mkubwa kuliko wote ana maumivu ya vidole na mishono yake inakwenda upogo, na baadhi wanataka tuwe tunaifumua akishaondoka tuirudie. Pia wapo wanaotaka tuandikishe kikundi tuuze. Wewe unaonaje? — Mshonaji wa Jumamosi.

JIBU: Msiifumue. Siku atakapogundua, na atagundua, kwa sababu mshonaji huujua mshono wake kama anavyoyajua maandishi yake, atakuwa amefukuzwa kikundini bila kuambiwa neno. Kama upogo unadhoofisha kitambaa, mpeni sindano nene zaidi, uzi uliopakwa nta ya nyuki ili usijifunge mafundo, na nafasi ya katikati ya mfarishi ambako tabaka limeshashikwa pande zote. Kama unawakera macho tu, basi zoezeni macho. Kule Karnataka, India, wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, ambao wanawake wao hushona kwa mkono mifarishi ya nguo kuukuu iitwayo kawandi. Huanza pembeni, wakazunguka ukingo mzima, wakaenda wakiingia ndani hadi katikati, na kwenye pembe hushikiza vipande vilivyokunjwa ambavyo huvihesabu kuwa maua. Mistari yao huyumba kama nyayo za mtu anayetembea, na uzuri wa kawandi uko hapo hapo. Kwetu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki habari hiyo inagusa, kwa kuwa wengi wa mababu zao walivushwa bahari ile ile tunayoitazama kila siku.

Kuhusu kuuza, nitasema wazi kwamba sina haraka nanyi. Mwaka 1966 wanawake weusi wa kaunti ya Wilcox, Alabama, waliunda ushirika wa kushona uitwao Freedom Quilting Bee, na fedha zake ziliwasaidia katika wakati mgumu wa kudai haki ya kupiga kura. Jambo hilo ni kubwa na sitalipunguza. Lakini maduka makubwa yalipoanza kuagiza, yalitaka vitu vinavyofanana kwa kipimo na kwa mtindo, na mtu aliyezoea kuunga rangi kama moyo unavyomtuma alilazimika kuunga kama agizo linavyosema. Ninyi mna kitu ambacho mteja hajakigusa bado: alasiri moja kwa wiki ambayo mwenye shida huisema, na mwenye furaha huja na maandazi.

Mkiamua kuuza, basi tengeni siku nyingine kwa ajili hiyo, na Jumamosi ibaki ya kushoneana. Zamu iende kama upatu: mwezi huu wote mnashona mfarishi wa mmoja, mwezi ujao wa mwingine, na mwenye zamu ndiye anayechagua rangi bila kuhojiwa. Michango ya uzi, sindano na bitana iandikwe kwenye daftari na mtu mmoja, isomwe mbele ya wote. Uandikishaji hauna ugumu mkubwa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu atawaelekeza, na kikundi cha wanawake kilichosajiliwa kinaweza kuomba ule mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake. Ila mkopo unataka marejesho, na marejesho yanataka mauzo, na mauzo yataingia mpaka kwenye Jumamosi yenu msipoilinda.

SWALI: Mimi ni mzee mstaafu wa Gongo la Mboto. Mke wangu na majirani hushona mifarishi hapa nyumbani nami hutamani kujiunga pamoja na mjukuu wangu wa kiume wa miaka tisa, lakini naona haya. Je, ni kazi ya wanaume?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Tembea mitaa ya Kariakoo uhesabu waliokaa nyuma ya cherehani. Wengi wao ni wanaume, na hakuna anayewashangaa. Hata askari wa Uingereza wa karne ya 19 walishona mifarishi mizito kwa sufu ya sare zao. Mwambie mama leo jioni kwamba unaomba nafasi mkekani, na uanze kwa kunoa mikasi na kuchora miraba, kwa kuwa jicho lililozoea kupima haliachi kazi siku ya kustaafu.

Mjukuu apewe sindano yenye tundu kubwa, uzi maradufu wa rangi inayoonekana, na miraba miwili iliyokwisha kuchorwa mstari kwa penseli. Akae kati yako na bibi yake. Asishonewe pale anapokosea. Mwonyesheni jinsi ya kurudi hatua moja nyuma na kushona upya, na akichoka aachwe akacheze. Miraba yake miwili iwekeni kwenye ule mfarishi atakaolalia yeye mwenyewe, upande ambao atauona akiamka.