Dada, hiyo laki mbili na nusu usiitoe

Wa alaikum salaam dada yangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeniuliza mambo mawili: umpe yule bwana shilingi 250,000 amtafutie mwanao timu Ulaya? Na kwa nini mimi, miaka kumi na moja ya kucheza mpira nje, sijajenga Lamu?

Pesa usitoe. Mtoto ana miaka 16. FIFA wamekataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kusajiliwa nchi nyingine, ila kwa sababu chache, kama wazazi wenyewe kuhamia huko kwa mambo yasiyohusu mpira. Nyinyi hamhami hapo mtaani Langoni. Basi huyo bwana anauza nini? Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA na jina lake liko kwenye orodha yao mtandaoni. Riziki yake hutoka kwenye mkataba ukishatiwa saini. Mkoba wa mama haumhusu.

Sasa langu. Timu saba, nchi nne. Hapo Lamu, pale uwanja wa Mkunguni, watu wakiona picha yangu nimeshika jezi mpya, husema nimepanda. Dada, mara nyingi ile jezi mpya ilikuwa ni kwa sababu nimeachwa kule nilikotoka. Mimi ni winga, mchezaji wa pembeni, na winga huuza mbio. Kocha mpya akija na mfumo wa mabeki watano, sina pa kusimama. Naambiwa nirudi nyuma nikakabe au nitafute kwengine. Mwanao ananitajia Mariga aliyechukua kombe la mabingwa wa Ulaya na Inter mwaka 2010. Mariga ni mmoja. Hata Ayub Timbe, winga aliyechezea timu ya taifa na mwenye jina, amezunguka Ubelgiji, China, Uingereza na Japani. Ndiyo kazi yenyewe ilivyo.

Mikataba yangu mingi ni ya msimu mmoja. Huku Uswidi ligi huanza kuelekea Aprili na kumalizika Novemba. Novemba ikiisha, na mshahara umeisha, lakini kodi ya nyumba haijui kama ligi imefungwa. Nilichoweka miezi ya kiangazi nakila wakati wa theluji. Nyumba ya Lamu naijenga kila Agosti kichwani, ikifika Februari nimeshaibomoa.

Februari moja nilikwenda kwenye majaribio, baridi ya chini ya sifuri, nyasi bandia, zile punje nyeusi za mpira zimejaa ndani ya soksi. Mkataba walishaniahidi, wanataka tu kuniona. Ukapigwa mpira nyuma ya beki, nikafungua mbio, nikasikia kitu nyuma ya paja kikiachia, kama kamba ya demani inayokatika tanga limejaa. Nilianguka karibu na mstari. Kabla sijainuka, kijana mwengine alikuwa ameshaambiwa avue koti. Wiki tisa sikukimbia, na ule mkataba sikuuona tena.

Na kuna hili, ambalo sikukwambia. Klabu moja, siitaji wala nchi yake, ilikaa miezi minne bila kunilipa. Ndiyo ile miezi niliyokuwa nikikwambia benki ina matatizo, na mama akakopa dukani. Nilikudanganya, nisamehe. Sheria ipo: wakikudai... la, ukiwadai mishahara ya miezi miwili, unawaandikia, unawapa siku 15, wasipolipa una haki ya kuvunja mkataba na kuondoka. Mimi sikuijua. Niliona haya kudai, nikangoja.

Kocha wetu wa Twaif naye aliuliza mbona timu ya mtaani haijapata kitu kwangu. Ameuliza haki. Mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa timu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Lakini mimi sikuwahi kuuzwa. Kila mara nimehama mkataba umeshakwisha, hakuna ada, kwa hiyo hakuna fungu. Hilo huniuma kuliko ile nyumba, kwa sababu yule mzee alininunulia nauli ya boti kwenda Mokowe na mfuko wake mwenyewe.

Kwa mwanao fanya hivi. Timu yake imsajili rasmi kwa shirikisho la mpira la Kenya, kila msimu, jina na tarehe ya kuzaliwa vifanane na cheti. Karatasi hizo ndizo zitakazoipatia timu yake fungu lake siku akiuzwa. Amalize shule. Akitimiza 18 nitamwita mimi, kwa nauli yangu, na atalala kwangu.

Ile video nimeiona. Mguu wake wa kushoto ni mzuri kuliko wangu, wallahi, ila anainamia mpira sana kabla ya krosi. Mwambie anyanyue kichwa. Daluga nimempa mtu anayefika Ijumaa, namba 42. Ukishamjibu yule bwana, nijulishe.