Mwanangu, kidato cha kwanza huamuliwa kabla ya Pasaka

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mjukuu wangu amepangiwa shule ya bweni huku Dodoma, anaripoti Januari, na unauliza mwaka huo wa kwanza unakwendaje hasa, maana umesikia watoto waliofaulu vizuri darasa la saba wanarudia kidato cha pili. Ni kweli wanarudia, na mara nyingi akili yao ni ileile. Kinachowaangusha ni lugha, na kuanguka kwenyewe hutokea kati ya Januari na Pasaka, wakati mzazi bado anahangaikia godoro.

Tazama inavyokuwa. Miaka saba mtoto amesoma kwa Kiswahili. Anajua mmea unajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na neno usanisinuru analifahamu. Januari mwalimu anaandika ubaoni "photosynthesis" na mistari kumi chini yake. Kitu anakijua, jina lake halijui, kwa hiyo ananakili. Daftari linajaa kwa mwandiko mzuri, na wewe likizo ukilifungua unafurahi. Usifurahie mwandiko. Mwambie afunge daftari akueleze kwa Kiswahili ukurasa ule unasema nini. Akishindwa, hajasoma, amechora.

Shule nyingi hutenga wiki za mwanzo kwa kozi ya Kiingereza ya kuwavusha watoto hawa. Ndizo wiki ghali kuliko zote za mwaka, na ndizo wanazozikosa wanaochelewa kuripoti kwa sababu sare haijakamilika. Ada ya shule za serikali imefutwa tangu Januari 2016. Zamani ilikuwa shilingi 20,000 kutwa na 70,000 bweni. Kinachobaki ni vifaa, na vifaa vinaweza kufuata baadaye. Bora afike siku ya kwanza na shati moja la shule kuliko wiki ya nne na tranka limejaa. Ukiona mambo hayatakamilika, nenda ukaongee na mkuu wa shule mapema, mweleze kipi utaleta na lini.

Kabla hajaondoka, muda uliobaki utumie hivi. Mnunulie kamusi ya Kiingereza na Kiswahili na daftari dogo la mfukoni. Kila siku maneno kumi, siku tano kwa wiki, na kila neno alitungie sentensi yake mwenyewe. Jumamosi unamuuliza yote hamsini bila mpangilio, na asiyoyakumbuka yanarudi kwenye wiki inayofuata. Akiendelea na mwendo huo shuleni, wiki kumi na mbili zinampa maneno 600. Maneno yatoke kwenye vitabu vya kidato cha kwanza vya Biolojia, Jiografia na Fizikia, yasiwe ya kuokota popote. Akijua "measure", "surface", "increase", "contain" na "cause", aya nzima inafunguka.

Kisha amri za maswali. Hapa watoto wanapoteza alama walizokuwa nazo mkononi. "Mention" na "list" ni kutaja tu. Mtoto anaandika insha, muda unamwishia. "Explain" anataja neno moja, wakati anatakiwa atoe sababu. "Differentiate" ndiyo mbaya zaidi: anaeleza maana ya kitu cha kwanza, anaeleza maana ya cha pili, anaweka nukta. Alama ziko kwenye tofauti zilizopangwa jozi kwa jozi, hiki kina hiki, kile hakina. Mwandikie amri hizi kwenye karatasi moja, azibandike ndani ya mfuniko wa tranka.

Kuhusu Hisabati, hapo lugha si kisingizio kikubwa. Tatizo ni kwamba mtihani wa darasa la saba unafanyika Septemba, na kutoka hapo hadi Januari kalamu haijaguswa. Usimpeleke mbele, mrudishe nyuma kwenye mambo manne: jedwali la kuzidisha hadi 12, sehemu, desimali pamoja na asilimia, na namba hasi. Mpe nusu jumlisha theluthi. Akikuandikia mbili ya tano, amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na kosa hilohilo litamfuata kwenye aljebra. Mpe hasi tatu kutoa nne. Akisema moja, au saba bila alama ya hasi, simama hapo hadi aelewe mstari wa namba. Maswali matano kila jioni yanatosha. Hamsini ya Jumamosi hayajengi kitu.

Siku ya bweni ni ndefu. Kengele hulia kama saa kumi na moja alfajiri: usafi, kuoga, mstarini, kisha vipindi vya dakika 40 kuanzia saa mbili hivi, na uji katikati. Chakula cha mchana kinafika saa nane zimepita, ugali na maharage siku nyingi, makande siku nyingine. Alasiri ni usafi au michezo, na usiku ni prepo, kama saa mbili za kujisomea. Njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, anaingia prepo amechoka, na prepo ndiyo inayotenganisha wanaoelewa na wanaonakili. Mfundishe mpangilio mmoja tu: aanze na somo analoliogopa, si analolipenda, maana anayeanza na tamu hulala kabla ya kufika kwenye chungu. Nusu ya kwanza, aandike upya kwa maneno yake yale ya siku hiyo. Nusu ya pili, Hisabati, kwa kalamu, si kwa macho.

Wakubwa watamtuma. Kuchota maji mara moja kwa kiranja ni jambo dogo; kufua nguo za mtu kila wiki au kunyang'anywa chakula ni uonevu. Mweleze tofauti hiyo mapema, kwa utulivu, na siku ya kuripoti usiondoke kabla hajamjua kwa sura mwalimu wa malezi na mwalimu wa darasa. Chukua namba zao wewe, maana simu hataruhusiwa kuwa nayo. Pesa ya matumizi iache kwa mwalimu, apewe kidogo kidogo. Mtoto akipewa yote Januari, Februari anakopa, na deni la bwenini ndilo linaloanza kumtumikisha.

Tranka, kwa ufupi: fuata fomu ya kujiunga, usiongeze mapambo. Kauntabuku (daftari nene za jalada gumu) za kwaya tatu, moja kwa kila somo, na mbili za akiba. Ndoo nunua mbili za lita 10 zenye mfuniko badala ya moja ya lita 20. Mtoto wa miaka kumi na minne anaibeba ya lita 10 bila kumwaga, na moja ikiibwa anabaki na nyingine. Kufuli iwe na funguo mbili, mmoja akae kwa mwalimu wa darasa. Jina liandikwe kwa uzi kwenye shuka na sare, kwa sababu wino unafutika kwa kufuliwa. Chandarua ni lazima, hasa miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili. Huku kwetu Juni na Julai usiku una baridi na upepo, kwa hiyo sweta lisiwe jepesi, na mafuta ya mgando yawepo, midomo hupasuka. Vumbi linapoanza macho mekundu huenea bweni zima kwa taulo moja. Taulo lake asimwazime mtu. Agosti hadi Oktoba maji hupungua shule nyingi za Dodoma. Hapo atafurahia ndoo ya pili.

Sasa matokeo. Ripoti ya Juni ikija, usianze na nafasi. Anaweza kuwa wa 12 kati ya 120 na Hisabati ana 28, na 28 ni F. A ni 75 kwenda juu, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44. Katika utaratibu uliozoeleka wa Baraza la Mitihani, kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha pili masomo saba bora yanahesabiwa: A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Daraja la nne linaishia pointi 33. Pointi 34 na 35 ni daraja sifuri, anarudia. Piga hesabu mwenyewe: D moja na F sita ni 34, amekwama. D mbili na F tano ni 33, amevuka. C moja na F sita, pia 33. Unaona jinsi mstari ulivyo chini? Mtoto anayerudia hakukosa mengi, alikosa D moja au mbili. Lakini anayevuka kwa 33 anaingia kidato cha tatu hana msingi wa kitu chochote, na hilo linaniuma zaidi kuliko kurudia. Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kipo. Masomo hayo mawili asiridhike na C.

Omba karatasi zake za majibu, si ripoti peke yake. Maswali aliyoacha wazi yanaonyesha hakuelewa swali. Aliyojibu kirefu akapata sifuri yanaonyesha alielewa amri vibaya. Dawa zake ni tofauti.

Jihadhari na Oktoba na Novemba. Kidato cha pili na cha nne wanafanya mitihani ya taifa, madarasa yanageuzwa vyumba vya mtihani, walimu wanakwenda kusimamia shule nyingine, na kidato cha kwanza wanaambiwa wakae kimya. Vipindi vinakuwa vichache sana. Kila mwaka topiki za mwisho hupotea hapo, na kidato cha pili huanza juu yake. Septemba, kwenye mapumziko mafupi, mpe orodha ya topiki za kila somo, aweke alama zilizofundishwa. Zilizobaki ndizo za wiki zile za ukimya.

Likizo ya Juni mlete huku wiki mbili. Aje na daftari la Hisabati, la Biolojia, na lile dogo la maneno.

Mama yako